Spana 13 kwenye Bolti ya 12

Mashine ilikuwa haikojoi. Wavuvi husema hivyo pale uzi wa maji unaoruka ubavuni mwa mashine ya boti unapokatika. Maana yake pampu haivuti maji, injini inachemka, na nahodha akizidi kuilazimisha, pistoni itaganda. Hii ilikuwa mashine ya Kijapani ya nguvu farasi 40, imeegemezwa kwenye mbao mchangani Kilwa Masoko, na dawa yake ilijulikana: kubadilisha impela, kile kigurudumu cha mpira chenye mapanga kinachosukuma maji ya bahari kwenda kupoza injini. Kuifikia impela lazima mguu wa mashine ushushwe, na mguu umeshikwa kwa bolti. Nne zilitoka. Ya tano ilichukua siku mbili.

Ninaichambua bolti hiyo moja kwa sababu makosa mengi ya kawaida yalikutana ndani yake. Njia za kutoa bolti sugu karibu kila fundi anazijua. Kinachowatenganisha mafundi ni mpangilio. Njia kali ikitangulia hufunga mlango wa njia pole: ukianza na tindo, spana haina tena pa kushika, ukianza na keekee, hakuna tena kichwa cha kuchomelea.

Kosa la milimita moja

Bolti ya M8, yaani yenye mwili wa milimita 8, huja na vichwa tofauti. Kwa kipimo cha kimataifa kichwa chake hushikwa na spana 13. Watengenezaji wa Japani mara nyingi hukifanya kidogo zaidi, cha spana 12. Kijana aliyekuwa akifungua alishika 13 kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, tena ringi ya meno 12, ambayo huuma karibu na kona za kichwa tu. Bolti nne zilikuwa laini, zikatii kabla pengo halijaleta madhara. Ya tano ilikaza. Kamba hukatikia pabovu: mwili wa bolti haukusogea, kona sita zikasagika, na kichwa kikabaki mviringo kama kitufe cha koti.

Watazamaji hawakukosa ushauri. Mmoja alitaka tindo, mwingine akaenda kutafuta bomba la kurefusha mpini wa spana. Fundi mkuu, mzee aliyekuwa akishona nailoni ya jarife pembeni, alisogea akaitazama bolti, akasema: "Weka nyundo chini, mwanangu. Hii ikikatikia ndani, tutakula mwezi hapa."

Kwa nini ilikwama

Bolti ile ilikuwa ya stenlesi, na mguu wa mashine ni wa alumini. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa betri ndogo. Umeme hupita kati yake, na metali dhaifu ndiyo inayoliwa. Hapa dhaifu ni alumini. Bolti hubaki inang'aa, lakini kuta za tundu lake huliwa polepole na kugeuka unga mweupe. Unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyouzaa, kwa hiyo hujibana katikati ya hesi na kuzishika kama saruji. Kipande cha zinki kilichofungwa kwenye mguu hupunguza ulaji wa sehemu zilizo wazi majini, lakini ndani ya tundu jembamba la bolti msaada wake haufiki sawasawa.

Hapo ndipo tofauti na kutu ya gari ilipo. Kwenye gari, chuma huganda ndani ya chuma. Hapa bolti ni ngumu na nyumba yake ni laini, hivyo nguvu ya ziada ina njia mbili: kukata bolti, au kung'oa hesi za alumini pamoja nayo. Hakuna hata moja inayofaa.

Kilichofanyika

Siku ya kwanza mzee hakujaribu kuizungusha kabisa. Alisugua kwa brashi ya waya mpaka unga mweupe ukatoka kuzunguka kichwa, akatia mafuta mepesi ya kupenyeza, kisha akagonga kichwa kwa nyundo ndogo, wima, mapigo mengi mepesi. Kugonga huko hupasua ule unga na kufungua nyufa za mafuta kupita. Alirudia jioni, akaiacha ilale.

Asubuhi alichukua tupa. Alikata pande mbili za kichwa zinazotazamana, akipima kila baada ya muda, mpaka spana mdomo ya 10 ikaingia kwa kugongwa. Kazi hiyo ilikula karibu nusu saa, maana stenlesi haipendi tupa. Lakini sasa spana ilikuwa na nyuso mbili bapa za kushika, badala ya kona zilizokufa.

Ndipo akaita moto. Kwanza tangi la petroli lilipelekwa mbali, upande upepo unakoelekea, ili mvuke wake usirudi kwenye mwali. Kitambaa kibichi kikafunika sehemu yenye sili za mpira. Mwali wa mtungi mdogo wa gesi ukaelekezwa kwenye alumini inayozunguka bolti, si kwenye bolti. Sababu ni hesabu. Kwa kila nyuzi moja ya joto, alumini hutanuka takriban sehemu 23 katika milioni. Stenlesi ya kawaida hutanuka kama 17. Tundu la milimita 8 likipashwa nyuzi 150 zaidi, hutanuka karibu milimita 0.007 zaidi ya bolti iliyo ndani yake. Ni kama sehemu ya kumi ya unywele. Inatosha kuvunja mshiko wa unga, na bolti ikibaki ya baridi kidogo, pengo huongezeka.

Hatari ya alumini ni kwamba haionyi. Ikiwa safi huyeyuka kwenye nyuzi 660, bila kuwa nyekundu kwanza. Mzee alipima kwa maji: tone lilipochemka papo hapo alijua amepita 100, na lilipoanza kukimbia kama shanga aliondoa moto. Akagusisha mshumaa kwenye shingo ya bolti. Nta iliyeyuka ikanyonywa ndani.

Alikaza kidogo kwanza, ndipo akalegeza. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimya. Moto wa tatu, bolti ikalia mlio mkali na kusogea upana wa ukucha. Kijana alitaka kuizungusha yote kwa furaha. Mzee alimzuia: robo mzunguko mbele, nusu yake nyuma, mafuta, tena. Hesi zilizojaa unga zikilazimishwa kwenda upande mmoja tu husagana na kushikana upya, na safari hiyo hazitoki.

Silaha ambazo hazikutumika

Kama moto ungeshindwa, hatua iliyofuata ilikuwa kuchomelea nati kubwa juu ya kichwa. Nati hutoa kona mpya, na joto la kuchomelea huingia ndani ya bolti yenyewe. Ikipoa hunywea na kujitenga na ukuta. Betri lazima itolewe kabla ya hapo.

Keekee ni ya mwisho. Stenlesi hukakamaa ikisuguliwa, kwa hiyo ncha iwe kali, mzunguko wa polepole, mkandamizo mkubwa na mafuta. Kitovu kikikosewa kidogo, ncha hukimbilia alumini iliyo laini. Tundu likiharibika, hupanuliwa na kutiwa hesi mpya za waya wa chuma, na mara nyingi hizo huwa imara kuliko za asili. Ninachoogopa zaidi ni ile pini ya msokoto wa kinyume inayoingizwa ndani ya bolti iliyotobolewa. Ni ngumu lakini hukatika kama glasi, na ikikatikia ndani, ncha ya kawaida ya keekee haiwezi kuitoboa.

Hukumu

Mguu ulishuka, impela mpya ikaingia kwa muda usiozidi wa kunywa chai. Tundu lilisafishwa, bolti mpya ikapakwa grisi ya baharini isiyosombwa na maji. Grisi yenye unga wa shaba haikuguswa, kwa kuwa shaba ingekuwa metali nyingine ya kuila alumini. Bolti ya zamani niliiokota: hesi zake zilikuwa kavu, hazina hata doa la grisi. Aliyeifunga mara ya mwisho ndiye aliyeikwamisha. Spana 13 ilikuja kumalizia tu. Wewe unayefunga mashine leo, paka kila bolti grisi kabla haijaingia, na uifungue mara moja kwa mwaka hata kama mashine inakojoa vizuri.