Fundi wa Safari ya Korongoni

Ramani ikishatandazwa mezani, mpanga safari hodari wa Grand Canyon hutafuta maji kwanza. Hema, viatu na vyakula vitapata zamu yao. Anaizungushia penseli kila chemchemi na kila kijito kilicho kwenye njia anayoiwazia, halafu anakihoji kimoja kimoja: maji haya yapo mwaka mzima au ni ya msimu? Nani aliyaona karibuni, na mwezi gani? Nikikuta yamekauka, ya mbele yako umbali gani, na mgongoni nitakuwa nimebakiwa na lita ngapi? Jioni nzima inaweza kwisha hajavuka hata robo ya njia. Kwangu mimi huo ni ufundi kamili, wenye wakongwe wake na zana zake, ingawa matokeo yake ni karatasi mbili tatu zilizokunjwa mfukoni.

Korongo lenyewe liko kaskazini mwa jimbo la Arizona, Marekani. Mto Colorado umelichimba kwa urefu wa kilomita 446. Pengine upana wake hufika kilomita 29, na kina chake hupita meta 1,800. Lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1919. Ukingo wa kusini, wanakofikia wageni wengi, uko meta 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, una misonobari, na wakati wa baridi huanguka theluji. Chini mtoni ni jangwa, na joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Kila meta 100 unazoteremka joto linapanda kwa nyuzi moja hivi, kwa hiyo anayeshuka kutwa nzima anatoka hewa ya nyanda za juu na kuingia ya jangwa kabla jua halijazama.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa ngumu. Kilimanjaro humpima mtu akiwa njiani kwenda juu. Akizidiwa, wenzake wanamteremsha, na kadiri anavyoshuka ndivyo anavyopata nafuu. Korongoni mambo yamegeuka. Asubuhi ya kwanza ni mteremko, miguu ina nguvu, kivuli bado kipo, na kila mtu anajiona shujaa. Kupanda kunamngoja aliyechoka, mwenye malengelenge, ambaye jua limekwisha kumfikia. Wahifadhi huwaambia wageni wahesabu muda wa kupanda kuwa mara mbili ya ule wa kushuka. Ndiyo maana wengi huteremka kwa njia ya South Kaibab, iliyo fupi lakini haina maji, na kurudi kwa Bright Angel, iliyo ndefu zaidi lakini ina maji na miti katikati, pale Havasupai Gardens. Wenyeji wa asili, Wahavasupai, walilima mashamba yao hapo hadi hifadhi ilipowaondoa katika karne ya 20, na mahali hapo palipewa jina lao mwaka 2022. Mwenye busara hulala hapo usiku wa mwisho, akaamka gizani, akazimaliza zile meta 900 na ushei za kupanda kabla jua halijawa kali.

Ufundi hasa unaonekana kwenye njia zisizo na mabomba ya maji. Tuseme mtu anataka kushuka kwa njia ya Hermit, afuate njia ya Tonto kuelekea mashariki, kisha atokee Bright Angel. Kwenye ramani ni umbali mdogo. Lakini Tonto hupita juu ya jukwaa la mwamba lililokatwakatwa na makorongo madogo, na kila moja lazima ulizunguke: uingie ndani hadi mwisho wake, uvuke, utoke tena hadi karibu na ulipoanzia, huku ng'ambo unayoiendea ukiiona muda wote. Wazoefu hulaza uzi juu ya mstari wa njia, wakaufuata kila kona, kisha wakaunyoosha kwenye kipimo. Kisha wanarudi kwenye maji. Hermit Creek yapo. Monument Creek yapo. Salt Creek ni ya msimu. Horn Creek nayo huwa na maji wakati mwingine, na mtu asiyejua angefurahi kuyakuta, ila kijito hicho kinapita chini ya mgodi wa zamani wa urani na wahifadhi wanaonya watu wasiyanywe. Basi anayetoka Monument Creek anajaza vyombo vya kumfikisha Havasupai Gardens, mwendo wa siku nzima, kana kwamba katikati hakuna tone. Ramani pekee isingemwambia hayo.

Wanaoupenda ufundi huu huishia kujifunza miamba wapende wasipende. Juu kabisa ni chokaa ya Kaibab, yenye umri wa miaka milioni 270. Chini mtoni ni mawe meusi yaliyopita miaka bilioni 1.7. Kati yao limesimama tabaka la Redwall, genge la chokaa lenye kimo cha meta 150 na zaidi, lililopakwa wekundu na chuma kinachochuruzika kutoka juu. Genge hilo ndilo linaloamua nani atapita wapi, maana mianya yake ni michache. Na ndilo linaloeleza chemchemi: maji ya mvua na theluji hupenya chokaa taratibu, yakafika kwenye tabaka la udongo uliogeuka jiwe, yakashindwa kuendelea, yakatokea ubavuni. Aliyelielewa hilo huitazama ramani akajua, kabla hajaonyeshwa, ni usawa gani wa korongo unaofaa kutafutwa majani mabichi.

Mkongwe wa elimu hiyo alikuwa Harvey Butchart, mwalimu wa hisabati wa chuo cha Flagstaff, aliyezaliwa China mwaka 1907. Kwa zaidi ya miaka 40 alitumia likizo zake kutembea ndani ya korongo, jumla ya kilomita zaidi ya 19,000, akitafuta mianya ya Redwall mmoja baada ya mwingine na kuandika kila safari ilivyokwenda. Kinachonivutia zaidi ya miguu yake ni daftari zake. Ziliandikwa kikavu: saa ngapi alipita wapi, maji yalikuwepo au hayakuwepo, genge gani halipitiki. Hakuwa akipamba. Alikuwa anamwandikia mtu ambaye siku moja angeyategemea maneno hayo akiwa na kiu.

Mtu wa namna hiyo alitokea. Colin Fletcher, mzaliwa wa Wales aliyewahi kuishi Kenya baada ya Vita Kuu ya Pili, aliamua kuitembea kwa miguu hifadhi nzima ya wakati ule, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kutoka korongoni. Alimwendea Butchart, akauliza, akasikiliza. Aliificha akiba ya chakula sehemu kadhaa mapema, na chakula kingine akapanga kidondoshwe kwa miavuli kutoka kwenye ndege. Alichagua masika ya mwaka 1963, kabla joto halijawa kali, wakati mashimo ya miamba yakiwa bado yanaweza kushika maji ya mvua. Alitembea kwa muda wa miezi miwili hivi. Kitabu chake cha 1968 kimesomwa na wengi kwa ajili ya fikra zake juu ya wakati na upweke, nami nazipenda. Lakini naona upweke ule wote uliwezekana kwa sababu mahesabu yalikuwa yamefanywa vizuri.

Ramani nayo ina mafundi wake. Mwaka 1978 jarida la National Geographic lilichapisha ramani ya moyo wa Grand Canyon iliyopimwa na Bradford Washburn na mkewe Barbara kwa miaka kadhaa. Walishushwa kwa helikopta juu ya vilele ili wapime kwa leza, wakazipima njia kwa gurudumu la kusukuma kwa mkono, na magenge yakachorwa na wachoraji wa Uswisi, mstari kwa mstari. Kwenye ramani za kawaida mistari ya kontua hupishana kwa kimo cha meta 12 hivi, na genge la meta 8 linaweza kujificha baina ya mistari miwili, likamzuia mtu kabisa. Mpanga safari mzuri hulikumbuka hilo, akaweka saa ya ziada pale mistari inaposongamana.

Kibali ni jambo la subira tu. Maombi huingia kwenye bahati nasibu ya mtandaoni miezi kadhaa kabla, kila eneo lina idadi ya watu wanaoruhusiwa kulala kwa usiku, na kundi halizidi watu 11. Anayejua kazi huomba akiwa na mipango mitatu, ili akikosa wa kwanza asilazimike kutunga wa pili kwa haraka.

Kisha ndiyo yanakuja mambo ya shanta. Lita ya maji ni kilo moja, haina punguzo, kwa hiyo kila kitu kingine hupimwa kwa mizani na kujitetea. Moto wa kuni ndani ya korongo hauruhusiwi. Jiko dogo la gesi linatosha. Karatasi za chooni hurudishwa juu na aliyezitumia. Na chumvi ni lazima, jambo ambalo wageni wengi hawalitegemei: mtu anayetoka jasho kutwa akanywa maji matupu tu huizimua damu yake, akachanganyikiwa, akatapika, na anaweza kufa akiwa na chupa iliyojaa. Ndiyo maana karanga na biskuti za chumvi huandikwa kwenye mpango pamoja na saa za kuzila. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni wakati wa kiangazi, mpango mzuri unasema neno moja: kivuli. Kuanzia Julai hadi Septemba huongeza jingine, kwamba hema lisipigwe kwenye mkondo mkavu, kwani mvua ya mbali isiyoonekana inaweza kuleta mafuriko ya ghafla.

Waliopanga kuvuka kutoka ukingo hadi ukingo mwaka 2025 waliona Julai ile moto ukiiteketeza Grand Canyon Lodge upande wa kaskazini, na upande huo ukafungwa. Bomba linalopeleka maji kwenye njia kuu, lililolazwa miaka ya 1960, hupasuka mara kwa mara. Kwa hiyo siku ya mwisho kabla ya kuondoka fundi huuliza tena kila kitu alichokwisha kukijua, na yuko tayari kuifuta safari. Mpango wenyewe una mahali palipoandikwa: tukifika hapa baada ya saa fulani, tunageuka. Ameyaandika akiwa ameketi, ameshiba, kichwa kimetulia, kwa sababu anajua hatakuwa hivyo akifika.

Nakala moja inabaki nyumbani kwa ndugu. Ina majina, njia, kambi ya kila usiku, rangi ya hema, saa na siku ambayo asipopiga simu wahifadhi waarifiwe. Waangalifu zaidi huambatanisha picha ya soli za viatu vyao, ili anayetafuta aweze kuitambua alama yao mchangani.