Kijungu cha umeme kinayeyusha, ila hakimalizi kazi

Ukinunua kile kijungu cha umeme cha kuyeyushia chokoleti, jua umenunua nusu ya kazi. Sifa yake moja ni ya kweli: kinapasha bila mvuke. Ukitumia bakuli juu ya sufuria ya maji, matone machache tu yakiingia, sukari inashikana na chokoleti inageuka bumba zito.

Shida iko kwenye swichi. Vijungu vingi vina alama mbili tu, kuyeyusha na kutunza joto. Nyuzi ngapi? Kimya. Na hapo ndipo penye siri. Siagi ya kakao huganda kwa maumbo 6 ya fuwele, na unalolitaka ni la 5, linaloyeyuka karibu nyuzi 34. Ndilo linalong'aa na kukatika "tak!" Kulipata, chokoleti nyeusi huyeyushwa hadi nyuzi 45 hivi, hupozwa hadi 28, kisha hupandishwa hadi 31.

Ukimimina moja kwa moja kutoka kijunguni, utapata kitu laini chenye ukungu mweupe juu. Usiitupe, haijaoza, ni mafuta tu yamejipanga vibaya.

Ushauri wetu? Nunua kipimajoto kwanza. Kijungu kitasubiri.