Baiti Ipi Itangulie

Mwaka 1966 mji wa Jadotville uliitwa Likasi. Ukiuhifadhi mwaka huo katika kompyuta, utakaa ndani ya baiti mbili: moja ina 7, nyingine ina 174. Saba mara 256, jumlisha 174, unapata 1966. Sasa zipindue: 174 mara 256, jumlisha 7. Mwaka umekuwa 44551. Hakuna biti iliyopotea, waya ni mzima, umeme haukukatika. Kilichokosekana ni makubaliano juu ya baiti ipi itangulie.

Ufundi wa kuyalinda makubaliano hayo unastahili sifa zaidi ya zile unazopewa. Tarehe 11/7/1960 Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, jimbo aliloliongoza na lenye mji wetu wa Likasi. Sisi tunasoma Julai. Mmarekani akiikuta tarehe hiyohiyo atasoma Novemba. Wote wawili wanajua kusoma, na karatasi haikudanganya. Vivyo hivyo kompyuta mbili zinaweza kupokea baiti zilezile, kila moja ikazisoma kwa uaminifu, zikatofautiana.

Kila upande una hoja yake. Mashine za IBM System/360 za mwaka 1964 zilitanguliza baiti kubwa, ile inayobeba sehemu nzito ya thamani, kama tuandikavyo namba kwenye daftari. Kompyuta ya Datapoint 2200 ya mwaka 1970 ilishughulikia biti moja baada ya nyingine, na kwa kuwa kujumlisha huanzia upande mdogo, ikatanguliza baiti ndogo. Intel ikaufuata utaratibu huo, na prosesa zake zimebaki nao hadi leo. Intaneti ikachagua kubwa kwanza. Mwaka 1980 mwanasayansi wa kompyuta Danny Cohen aliwasihi wahandisi waache vita hivyo vya pande mbili, akieleza kwamba kukubaliana kuna maana zaidi kuliko upande unaochaguliwa.

Huku Likasi, mji uliokulia juu ya shaba na kobalti, jambo hili si la vitabuni. Shaba ya kiwanda cha Shituru hutolewa kwenye mmumunyo wa asidi kwa nguvu ya umeme, ikaganda juu ya bamba; kazi ya namna hiyo huishi kwa vipimo vya joto, vya asidi na vya mkondo wa umeme. Katika viwanda vingi duniani vipimo kama hivi husafiri kwa Modbus, itifaki iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979. Modbus hubeba namba katika rejista za baiti mbili, kubwa kwanza. Lakini namba ya baiti nne huhitaji rejista mbili, na katika hilo kila mtengenezaji wa mita alijiamulia rejista ipi itangulie. Mita imehesabu kilowati-saa 100,000; anayezisoma rejista kinyume ataona 2,258,632,705.

Kosa la ukubwa huo ni afadhali, maana linajitangaza lenyewe. La kuogopwa ni lile linalonyamaza. Chukua 257: baiti zake ni 1 na 1, ukizipindua inabaki 257. Anayeijaribu programu yake kwa namba hiyo, au kwa sifuri, atapata jibu sahihi kutoka kwa programu mbovu. Fundi makini hujaribu kwa baiti zisizofanana, 1, 2, 3, 4, ambazo kubwa ikitangulia ni 16909060 na si vinginevyo.

Uzuri wa ufundi huu unaonekana zaidi katika namna ya kuandika. Wengi huanza kwa kuiuliza mashine: wewe ni wa upande gani? Kisha hupindua au huacha. Mhandisi wa programu Rob Pike alionyesha mwaka 2012 kwamba swali hilo mara nyingi halihitajiki. Ujue tu data imepangwaje. Ikiwa kubwa imetangulia, chukua baiti ya kwanza, zidisha kwa 256, jumlisha ya pili. Hesabu hiyo hutoa jibu moja kwenye kila prosesa, kwa sababu inashughulika na thamani, haijali kumbukumbu ya mashine imepangwaje. Fanya hivyo mara moja, pale data inapoingia, na tena pale inapotoka. Katikati pawe na namba tupu, zisizo na upande.

Ninauheshimu ufundi huu kwa sababu unamkataza mtu kudhani kwamba mazoea ya mashine yake ni sheria ya dunia. Kijana wa Likasi anayeandika programu ya kusoma mita, akaeleza wazi mpangilio wa baiti zake na kuujaribu kwa namba inayoweza kumuumbua, amewatendea haki watu asiowajua: mhasibu atakayelipa bili ya umeme, mfanyakazi anayesimama karibu na tangi la asidi, na fundi mwenzake atakayebadilisha kompyuta miaka kumi ijayo. Wote hao wanahitaji namba iliyofika kama ilivyotumwa, na kuifikisha hivyo ni kazi ya heshima.