Je, Uovu wa Majoka Unaaminika?

Katika tamthilia ya Kigogo (2016) ya Pauline Kea, Majoka analifunga soko la Chapakazi ili ajenge hoteli. Watahiniwa wengi waliandika 'ana tamaa', kisha wakatua. Hiyo ni sifa. Je, kichocheo ki wapi? Ashua alimkataa, na kidonda hicho hakijapona. Lakini kukataliwa hakutoshi kufunga soko zima. Hapa Chwele, wanafunzi ambao mama zao huuza sokoni huuliza upesi: nani anafaidika? Kea anajibu: Kenga anapata ardhi, Asiya zabuni ya keki. Uovu wa Majoka unaaminika kwa sababu una washirika. Kigogo imepisha vitabu vingine tangu 2023. Muulize Mtemi Lesulia wa Nguu za Jadi swali lilo hilo.