Shamba la Karafuu Kama Makumbusho

Makumbusho si lazima yawe kuta na makabati ya vioo. Kijiji cha Makumbusho kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967 kilitufunza hivyo: nyumba za makabila mbalimbali zilijengwa kwa miti, udongo na nyasi, ili mtazamaji aingie ndani na kuona wenyewe walivyoishi. Katika kisiwa cha Unguja, mahali panapokaribia sana jambo hilo ni mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kindichi. Familia iondokayo Mji Mkongwe asubuhi huweza kushinda huko, na jioni ikarudi nyumbani na harufu ya mdalasini mikononi. Yafaa basi tuyapime mashamba hayo kama tunavyopima kazi yoyote ya utamaduni.

Tuanze na sifa. Hapa mtoto hakatazwi kushika. Hufikicha jani la mchaichai, huchimbuliwa manjano mbichi, hupakwa rangi ya mzingefuri. Mkwezi hupanda mnazi huku akiimba. Wengine husuka kofia za makuti na kuwavika wageni. Elimu inayopita puani na vidoleni haisahauliki upesi, na kitabu peke yake hakiwezi kuitoa.

Lakini ipo kasoro kubwa. Mara nyingi shamba huonyesha mti, wala halimwonyeshi mtu. Mtoto akiuliza, "Nani aliipanda mikarafuu hii?" hujibiwa kwa jina la tajiri au la mfalme. Ni kweli kwamba Saleh bin Haramil alikuwa miongoni mwa waliotangulia kustawisha karafuu Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na kwamba Sayyid Said aliieneza. Hata hivyo, waliofyeka pori, wakachimba mashimo na kuchuma, wengi wao walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ni mikono ya watu hao iliyopanda tena.

Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na pale pana Kanisa Kuu la Anglikana pamoja na sanamu za watumwa zilizowekwa mwaka 1998. Mkunazini hueleza zaidi jinsi mtu alivyouzwa. Shamba hueleza jinsi mti unavyozaa. Kati ya hadithi hizo mbili pana pengo: mtu huyo, baada ya kuuzwa, alikwenda wapi, akafanya kazi gani? Jibu liko Kizimbani, chini ya miti ile ile.

Kazi yenyewe nayo hupitwa kwa haraka. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, hutengwa na makonyo, kisha huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa. Kuna ustadi wa mchumaji, wa mchambuaji, na wa mwanikaji anayechungulia mawingu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa, na wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Hiyo nayo ni historia ya shamba, si ya vitabu tu.

Wako watakaosema kwamba siku ya mapumziko haifai kutiwa huzuni. Hatukubaliani nao. Mtoto anayeweza kuuliza anaweza pia kuelezwa, na furaha isiyojua chanzo chake ni ya mgeni, si ya mwenyeji. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Basi tusiwasahau waliofanywa watumwa kwa nguvu, kwani wao pia ni asili yetu.

Walimu wanaowapeleka wanafunzi mashambani wasiridhike na orodha ya viungo. Wawaagize wamtafute mzee aliyewahi kuchuma, wamwulize alilipwaje kwa pishi, na wazazi wake walilifikiaje shamba lile. Hapo shamba litakuwa makumbusho kweli: halitakumbusha ladha ya chakula tu, bali na jasho lililoikuza.