Tai Ilivyoshonwa Ndivyo Inavyotunzwa

Tai ya kawaida ina urefu wa sentimita 145 hadi 150, na kwa nje huonekana kama utepe mmoja. Kwa kweli imeundwa kwa vitu vinne: kitambaa cha nje, ambacho mara nyingi ni hariri au poliesta; kitambaa kizito cha ndani, cha sufu au mchanganyiko wa sufu na poliesta, kinachoipa unene; bitana inayofunika nyuma ya ncha zote mbili; na uzi mrefu unaopita mgongoni kushikilia mikunjo. Kanuni nyingi za kutunza tai zinatokana na jinsi vitu hivyo vilivyounganishwa.

Ushonaji wa leo ulianzia New York katika miaka ya 1920, fundi Jesse Langsdorf alipopata hataza ya kukata tai hanamu, yaani mshazari wa digrii 45 kutoka kwenye mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa), na kuiunga kwa vipande vitatu. Tai iliyokatwa kwa kufuata mtande haivutiki, hivyo fundo huiachia makunyanzi, nayo hujipinda kifuani. Iliyokatwa hanamu huvutika kidogo inapokazwa, kisha hurudi inapolegezwa. Mshono wa mgongoni huachwa umelegea makusudi ili uzi uteleze tai inapovutwa. Katika tai nyingi zilizoshonwa vizuri, uzi huo huishia na kitanzi kidogo kilichofichwa nyuma ya ncha. Kitanzi hicho ni akiba. Anayekikata akidhani ni uzi uliochomoka huanza kuifumua tai yake.

Utunzaji huanza wakati wa kuvua. Fundo hufunguliwa kwa kurudi nyuma hatua zilezile zilizotumika kulifunga. Kuchomoa ncha nyembamba kwa nguvu hukaza uzi wa mgongoni na kukisokota kitambaa cha ndani. Kuacha fundo mpaka kesho, ili tai ivaliwe kwa kupitisha kichwa tu, kuna madhara zaidi: nyuzi hubaki zimevutwa usiku kucha na kuzoea hali hiyo. Tai iliyovaliwa kutwa ipumzishwe angalau siku moja kabla ya kuvaliwa tena, ili nyuzi zirudi na jasho la shingoni likauke.

Njia za kuhifadhi ni mbili. Tai ya kitambaa kilichofumwa kwa mtande na mshindio (nyuzi za upana) hutundikwa, ikiwa imekunjwa katikati, juu ya fimbo nene na laini. Hanga ya waya huacha alama ya mkunjo, na kibanio hubana nyuzi mahali pamoja. Njia ya pili ni kuviringisha bila kukaza, kuanzia ncha nyembamba, kisha kuiweka tai kwenye droo yenye vigawanyo. Tai iliyofumwa kama sweta isitundikwe kabisa, kwa kuwa vitanzi vyake hurefushwa na uzito wake wenyewe; hiyo huviringishwa. Kuviringisha hufaa pia safarini, ambako mizigo mingine hubana tai iliyokunjwa.

Mahali pa kuhifadhi pawe na giza, pakavu na penye hewa. Mwanga wa jua huvunja protini ya hariri na kufifisha rangi, hivyo tai inayoning'inia karibu na dirisha huchakaa upande mmoja. Unyevu nao huleta kuvu, hasa hewa inapozidi asilimia 70 ya unyevu kwa muda mrefu. Katika maeneo ya pwani kama Dar es Salaam, Mombasa na Unguja hali hiyo ni ya kawaida. Kabati lifunguliwe mara kwa mara, lisigusane na ukuta wenye unyevunyevu, na mifuko ya plastiki iepukwe kwa sababu hufungia unyevu ndani. Vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya husaidia katika droo ndogo.

Mabuu ya nondo wa nguo hula sufu, na sufu ndiyo iliyo ndani ya tai nyingi. Huvutwa zaidi na jasho na mabaki ya chakula, kwa hiyo kinga ya kwanza ni kuhifadhi tai ikiwa safi. Vidonge vya naftalini hufukuza wadudu, lakini mvuke wake ni sumu. Ni hatari zaidi kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kwani huweza kuvunja chembe nyekundu za damu.

Doa kwenye hariri hudonolewa kwa kitambaa kikavu cheupe, wala halisuguliwi. Kusugua hukata nyuzi nyembamba za juu na kuacha baka jeupe lisiloondoka hata doa likitoka. Mafuta hunyunyiziwa poda, yakaachwa saa kadhaa yanyonywe, kisha poda hukung'utwa. Maji yasitumiwe, kwa kuwa yakikauka huacha duara. Ili kuepuka doa la marashi, yapakwe kabla ya kuvaa tai.

Kufua tai nzima ni kuiharibu. Kitambaa cha nje na cha ndani havirudi kwa kiasi kimoja vinapolowa, ndipo tai hujikunjakunja. Sabuni ya unga huidhoofisha hariri, na dawa ya klorini huiyeyusha. Tai ya poliesta ina kitambaa cha nje kinachostahimili maji, lakini kitambaa chake cha ndani kinaweza kujipinda vilevile. Doa lisilotoka lipelekwe kwa dobi wa drai klina, naye aambiwe asipige pasi kwenye kingo.

Kingo za tai zinatakiwa ziwe na uvimbe wa mviringo. Pasi huzilaza na kuifanya tai ionekane kama karatasi. Makunyanzi hupungua tai ikining'inizwa usiku mmoja. Yakibaki, mvuke wa pasi hutumika kwa mbali bila kugusa kitambaa. Ikilazimu kupiga pasi, moto uwe mdogo, kitambaa cha pamba kiwekwe juu, na kingo ziachwe.

Ili kujua hali ya tai, ishikwe kwa ncha nyembamba na kuachwa ining'inie. Ikishuka wima, ni nzima. Ikijizungusha, ama ilikatwa vibaya ama uzi wa mgongoni umekaza au umekatika. Uzi uliokatika fundi anaweza kuurudisha kwa sindano ya mkono. Hariri iliyosuguliwa, iliyounguzwa na pasi au iliyoliwa na klorini haina fundi.