Neno "Nduli" na Amri ya Nane

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yaliivamia Kagera, yakaua na kupora. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa. Tukiihakiki hotuba ile, twaona nguvu yake imo katika ufupi: sababu, uwezo na nia. Mkulima wa pamba wa Shinyanga au Geita, aliye mbali na mpaka, aliweza kuikariri baada ya kuisikia mara moja. Tena haikuwa uongo, kwa maana uvamizi ulikuwa wa kweli.

Lakini mahubiri ya redio hayakuishia hapo. Jina la Amin lilizoeleka kutanguliwa na neno "nduli". Neno hilo halikueleza tendo. Lilimwondoa mtu katika jamii ya wanadamu. Aliyelizoea hakuhitaji tena kuuliza lolote, hata juu ya gharama. Kampala ilipotwaliwa, Aprili 11, 1979, gharama zikafuata: wananchi wakaambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18, na dhiki ikapita muda huo kwa miaka.

Usukumani vita viliacha pia silaha. Wizi wa ng'ombe kwa bunduki ukaongezeka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakijiji wakaunda Sungusungu. Hao walirudisha usalama. Lakini baadhi yao waliwageukia pia walioitwa wachawi. Tangu hapo vikongwe wengi wa Shinyanga na Geita wameuawa, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni.

Hatusemi kwamba redio iliwaua. Twasema njia ni ile ile: jina kwanza, panga baadaye.

Huenda msomaji akauliza: je, Amin hakustahili jina lile? Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977 chini ya utawala wake. Twajibu kwamba Amri ya Nane haikatazi kusema kweli juu ya mwuaji. Na aitwe mwuaji, kwa kuwa aliua, asiitwe mnyama. Serikali yaweza kushika upanga kwa haki, kama Warumi 13 isemavyo, lakini haikupewa mamlaka ya kufuta sura ya Mungu kwa ulimi.

Wala sisi wa mimbarini hatukupewa. Mchungaji anayemtaja bibi wa jirani kuwa "wakala wa shetani" Jumapili, asishangae kuitwa kumzika Jumatano.